Mazungumzo ya mwisho yapewe zamu yake: barua ya wazi kwa wakuu wa afya

Kwa mawaziri wa afya, waganga wakuu, makatibu wa hospitali, wauguzi wakuu, na wakuu wa vyuo vya utabibu na uuguzi.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi ya tiba shufaa, yaani kumhudumia mtu ambaye ugonjwa wake hautapona, pamoja na watu wake, kabla ya kifo na baada yake. Ombi letu ni moja. Kumweleza mtu kwamba maisha yake yanaelekea ukingoni, kumsikiliza anataka nini, kisha kuwa karibu na wafiwa wake, ni kazi ya kitabibu kama upasuaji ulivyo. Ina hatua zake, ina vifaa vyake, na makosa yake yanajulikana. Hata hivyo katika hospitali nyingi kazi hii haimo kwenye ratiba ya zamu, haina chumba, na anayeifanya hakufundishwa. Inafanyika koridoni, watu wamesimama, na anayeifanya ni yeyote aliyekutwa hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa, na kwamba wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio namba WHA67.19 linalotaka huduma hii iingizwe katika mfumo wa afya wa kila nchi, na kwamba kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi apate mafunzo yake ya msingi. Tunayoyaomba hapa, kwa hiyo, yalikwisha kukubaliwa. Kilichobaki ni utekelezaji, na utekelezaji uko mikononi mwenu.

Tuanze na kuchelewa, maana ndiko kunakoharibu mengi. Mazungumzo huahirishwa mpaka mgonjwa hawezi tena kusema, kisha hufanywa na ndugu waliochoka, usiku wa manane, mbele ya mashine inayolia. Daktari anachelea kumkatisha mgonjwa tamaa. Mgonjwa anamngoja daktari aanze. Ndugu nao wanalindana. Kila mmoja ananyamaza kwa upendo, na matokeo yake mgonjwa anabaki peke yake na jambo ambalo mara nyingi analijua tayari, kwa sababu mwili ni wake.

Hofu kwamba ukweli utamuua mgonjwa haina msingi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Wapatao nusu waliunganishwa mapema na timu ya tiba shufaa huku wakiendelea na matibabu ya saratani. Hao waliishi kwa unafuu zaidi, waliopata sonona kati yao walikuwa wachache, na ingawa waliopewa matibabu mazito siku za mwisho walikuwa wachache kuliko wenzao, kiwango cha kati cha maisha yao kilikuwa miezi 11.6, cha wenzao miezi 8.9. Utafiti mmoja hautoshi kusema kwamba mazungumzo yanarefusha uhai. Unatosha kabisa kumwondolea daktari hofu kwamba anaufupisha.

Basi wakati mwafaka ni upi? Tunashauri kila wodi iwe na vichocheo vichache vilivyoandikwa, yaani dalili za kuanzisha mazungumzo, ili uamuzi usiachiwe ujasiri wa mtu mmoja. Mgonjwa amelazwa mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6 kwa ugonjwa uleule. Anapungua uzito bila kutaka. Anashinda zaidi ya nusu ya mchana kitandani. Mwenyewe au nduguye ameuliza, “Hivi hali hii inakwenda wapi?” Na lipo swali ambalo daktari hujiuliza kimyakimya: je, nitashangaa mgonjwa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Kama jibu ni hapana, mazungumzo yaanze wiki hii. Swali hilo si kipimo cha kutabiri kifo na lisitumiwe hivyo. Kazi yake ni kumkumbusha daktari kwamba muda wa kuzungumza umefika.

Sasa mazungumzo yenyewe, na hapa mtuvumilie tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo palipo na kazi.

Kabla ya yote, faili lisomwe. Hakuna kinachovunja imani ya mgonjwa upesi kama daktari anayepekua karatasi mbele yake akitafuta majibu ya kipimo. Madaktari wakubaliane kwanza wenyewe kwa wenyewe, maana mmoja akisema “wiki” na mwingine akasema “tutaona baada ya dawa”, familia itamshika aliyesema neno zuri na mwenzake ataonekana mkatili. Mgonjwa aulizwe anataka nani awepo. Akihitaji mkalimani, atafutwe mtu mzima aliyefundishwa. Mtoto wa mgonjwa asigeuzwe mkalimani wa habari za kifo cha mzazi wake, hata kama ndiye pekee aliyepo na anajua lugha zote mbili.

Chumba kiwe na mlango unaofungika, viti vya kutosha watu wote na vya kimo kimoja, maji ya kunywa na karatasi za kufutia machozi. Simu zizimwe, na simu ya zamu akabidhiwe mwenzake. Mazungumzo ya kwanza yatengewe dakika 45, yanayofuata dakika 20. Muuguzi awepo tangu mwanzo, kwa sababu daktari akishaondoka ndipo maswali ya kweli yanapoanza, na atakayeulizwa ni muuguzi. Asipokuwa amesikia kilichosemwa, atabahatisha.

Anayeongoza aanze kwa kuuliza, si kwa kueleza: “Mpaka sasa umeelewa nini kuhusu ugonjwa wako?” Jibu linaonyesha mahali pa kuanzia. Aliyejibu “nina vidonda vya tumbo” na aliyejibu “najua imeshafika kwenye ini” hawawezi kuanzishwa sehemu moja. Swali la pili ni la ruhusa: “Wapo wanaopenda kujua kila kitu, wapo wanaopenda tuzungumze na mtu wao wa karibu. Wewe ungependa tufanyeje?” Kisha linatangulizwa neno la kumwandaa: “Habari nilizonazo si nzuri.” Halafu habari yenyewe, kwa sentensi moja au mbili fupi, bila jina la Kilatini. “Saratani imesambaa hadi kwenye ini. Dawa tulizonazo haziwezi tena kuiondoa.”

Kisha kunyamaza.

Hilo ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo wahudumu wasiofundishwa hushindwa. Ukimya wa sekunde 10 unahisiwa kama saa nzima, nao hukimbilia kuujaza kwa maelezo ya dozi na vipimo. Mtu aliyepigwa na habari kama hiyo hasikii maelezo. Akili yake bado iko kwenye sentensi ya kwanza. Mhudumu akae, asubiri mgonjwa aseme, na kitakachosemwa kwanza kikiwa ni kilio au hasira, kijibiwe kama kilio au hasira. “Naona habari hii imekuumiza sana.” “Hukutarajia kusikia hivi leo.” Mgonjwa anaposema “Kwa nini mimi?” haulizi kuhusu chembechembe za mwili, na kumjibu kwa takwimu ni kumkimbia.

Yapo maneno matatu tunayowafundisha wanaoanza, yanayosaidia pale ulimi unapokwama: natamani, nina hofu, najiuliza. “Natamani tungekuwa na dawa ya kuuondoa ugonjwa huu. Nina hofu kwamba muda uliobaki ni mfupi. Najiuliza kama tungeweza kuzungumza kuhusu yale unayotaka yafanyike.” Natamani linamweka mhudumu upande wa mgonjwa bila kumdanganya. Nina hofu linasema ukweli bila kujifanya Mungu. Najiuliza linafungua mlango bila kumsukuma mtu aingie.

Yapo pia maneno ya kuachwa. “Hatuna la kufanya tena” ni uongo, kwa kuwa maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na upweke vyote vinatibika au vinapunguzwa mpaka siku ya mwisho. Mgonjwa anayeambiwa hivyo huelewa kwamba ametupwa. “Hali yake si nzuri” nayo ni kauli butu mno. Ndugu husikia kwamba hali itatengemaa, na kifo kikija baada ya siku mbili wanasema hawakuambiwa, na wanasema kweli. Kauli za kumtaka mgonjwa apigane zina mzigo wake uliojificha: anayekufa anaonekana amelegea, na tumekutana na wagonjwa wengi mno wanaowaomba radhi watoto wao kwa kufa.

Kuhusu muda, vitajwe vipindi, kamwe isitajwe tarehe: siku chache hadi wiki, wiki hadi miezi, miezi hadi mwaka. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti uliofuatilia makadirio ya madaktari 343 kwa wagonjwa 468 walioingizwa kwenye huduma za hospisi, yaani za watu wanaokaribia kufa, huko Chicago. Makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Asilimia 63 yalitaja muda mrefu kuliko mgonjwa alioishi, na kwa jumla madaktari walikadiria muda unaozidi ule halisi zaidi ya mara 5. Tena kadiri daktari alivyomjua mgonjwa kwa muda mrefu ndivyo makadirio yake yalivyozidi kupotoka. Mapenzi yanamfumba macho. Kwa hiyo daktari anayemtibu mgonjwa aombe mwenzake asiyemjua naye akadirie, ndipo waende kuzungumza. Na wakishataja muda waongeze: “Unaweza kuwa mrefu kuliko huu, unaweza kuwa mfupi. Yale ya lazima yafanywe sasa.”

Baada ya hapo, pengine siku nyingine, huulizwa matakwa. Ni nini kilicho muhimu zaidi kwako katika muda uliobaki? Unaogopa nini hasa? Ni mambo gani uko tayari kuyavumilia ili upate muda zaidi, na yapi huwezi kuyavumilia? Ungependa uwe wapi? Ukishindwa kusema, nani aseme kwa niaba yako, na je, yeye mwenyewe anajua umemchagua? Swali hilo la mwisho husahaulika mara nyingi, na ndilo linalozua ugomvi kando ya kitanda.

Hapa pia ndipo lilipo swali baya linaloulizwa kila siku: “Mngependa tufanye kila linalowezekana?” Nani atajibu hapana? Anayekataa anajiona amemwua mzazi wake. Mtu anayekufa kwa ugonjwa uliofika mwisho, moyo wake ukisimama, kukandamizwa kifua ni nadra sana kumrudisha, kunaweza kumvunja mbavu, na kunawatoa ndugu chumbani katika dakika ambazo wangemshika mkono. Hilo ni pendekezo la kitabibu, na daktari ndiye wa kulitoa: “Kwa haya uliyonieleza, napendekeza tuendelee na kila kinachokupa nafuu, na moyo utakapofikia kusimama, tusijaribu kuulazimisha kurudi.” Kisha asikilize jibu. Mzigo wa uamuzi anaubeba yeye aliyesomea, familia inabaki na kazi yake ya kupenda.

Vipi ndugu wanaposimama mlangoni na kusema, “Tafadhali msimwambie”? Wasibishiwe. Waulizwe wanahofia nini, na waachwe wamalize. Waambiwe kwamba hakuna atakayemlazimisha mgonjwa kusikia asichotaka, ila akiuliza mwenyewe hatutamdanganya. Kisha mgonjwa aulizwe lile swali la ruhusa, ndugu wakiwepo. Wapo wanaosema, “Zungumzeni na mwanangu,” na hilo liheshimiwe na liandikwe. Wengi zaidi hushusha pumzi, kwa kuwa walikuwa wakiwaficha ndugu zao jambo lilelile.

Kilichozungumzwa kisipoandikwa kimepotea. Tunaomba karatasi moja, ya rangi isiyofanana na nyingine, ikae mbele kabisa ya faili: mgonjwa anajua nini, anataka nini kwa maneno yake mwenyewe, msemaji wake ni nani na namba yake ya simu, yapi yamekubaliwa yasifanywe, tarehe, na sahihi ya aliyezungumza naye. Ukurasa mmoja tu. Fomu ya kurasa sita hujazwa ili kumridhisha mkaguzi, na saa 8 usiku hakuna anayeisoma. Karatasi hiyo imfuate mgonjwa anapohamishwa wodi au kurudi nyumbani, na ipitiwe upya hali inapobadilika, maana watu hubadili mawazo na wana haki hiyo.

Hakuna mazungumzo panapokuwa na maumivu. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Upande wa mwili ndio unaotangulia kushughulikiwa. Mofini, dawa ya maumivu makali, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Ya kunywa, ikitolewa kwa saa zake badala ya kusubiri maumivu yarudi, na ikiambatana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, inatosha kwa wengi. Uganda ilibadili kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliofundishwa tiba shufaa waweze kuiandika wenyewe. Pale ambapo daktari ni mmoja kwa maelfu ya watu, mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atalala usiku au atalia mpaka alfajiri.

Siku za mwisho zinahitaji mazungumzo mengine, mafupi, na ndugu. Waelezwe mapema watakayoyaona, kabla hawajayaona. Atalala zaidi na zaidi. Hatataka kula wala kunywa: mwili unafunga kazi zake, njaa haiumi kama wanavyodhani, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kumpalia. Midomo na ulimi vilowanishwe kwa pamba au sponji safi yenye maji, kila baada ya saa moja au mbili. Mikono na miguu itapoa na kubadilika rangi. Pumzi itakwenda, isimame kwa sekunde kadhaa, irudi. Koo linaweza kukoroma kwa sababu hana tena nguvu ya kumeza mate. Sauti hiyo huwatisha wanaoisikia kuliko inavyomsumbua mgonjwa, na kumlaza ubavu, kichwa kikiwa juu kidogo, hufaa kuliko kuingiza mpira wa kunyonya kooni. Waambiwe waendelee kuzungumza naye kana kwamba anasikia. Na waambiwe pia kwamba wengine hufariki katika zile dakika chache ndugu alipotoka kunawa uso. Familia isiyoelezwa hili hujilaumu kwa miaka.

Kifo kikishatokea, neno litumike moja: amefariki. Kiswahili kina njia nyingi za upole za kusema jambo hili, na ndugu wazichague wenyewe wakitaka, lakini mhudumu anayesema “ametutoka” au “amepumzika” mbele ya mtu aliyechanganyikiwa huulizwa, “Amepumzika wapi? Naweza kumwona?” Habari ikibidi ipelekwe kwa simu, mpigaji ajitambulishe, ahakikishe anazungumza na nani, amwulize yuko wapi, kama yuko peke yake, kama anaendesha gari. Anayeendesha asimamishe kwanza. Kisha neno la kumwandaa, kisha habari, kisha ukimya uleule. Asikate simu kabla ya kumpa jina lake na namba ambayo mtu atapokea. Ndugu wapewe muda wa kukaa na mwili kabla haujapelekwa mochwari, wodi ipange angalau saa mbili. Vitu vya marehemu vikabidhiwe vimekunjwa ndani ya mfuko safi wa kitambaa. Mfuko mweusi wa takataka hausahauliki.

Watoto hudanganywa zaidi ya wote, na hudanganywa kwa nia njema. Mtoto aliyeambiwa babu “amelala” ataogopa kulala. Aliyeambiwa mama “amesafiri” atakaa mlangoni akisubiri, na atakuja kukasirika kwamba hakuagwa. Mtoto mdogo aambiwe kwa maneno ya kweli: mwili wa mama umeacha kufanya kazi, hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi. Atauliza tena kesho, na kesho kutwa, kwa sababu ndivyo akili yake inavyolizoea jambo. Aambiwe pia kwamba si yeye aliyesababisha, hata kama hakuuliza. Wengi huamini ni wao. Mzazi aliyejifungua mtoto mfu naye asiharakishwe: aulizwe kama angependa kumwona, kumshika, kumpa jina, kubaki na picha au alama ya unyayo. Aulizwe, asishurutishwe, na aulizwe tena baada ya saa chache, maana aliyekataa mwanzoni anaweza kubadili mawazo.

Kisha hospitali hufunga faili, na hapo ndipo tunapowaomba mlifungue jingine. Mfiwa apigiwe simu baada ya wiki 2 hivi, tena baada ya wiki 6 hadi 8, tena mwezi wa 6, na karibu na mwaka kutimia. Dakika 10 zinatosha. Anayepiga awe mtu aliyemjua marehemu inapowezekana, amtaje kwa jina, na aulize mambo matatu: unalala vipi, nani yuko nawe, kipi kinakuelemea zaidi. Daftari moja lenye majina na tarehe, na mtu mmoja mwenye jukumu hilo kwa saa chache kila wiki, hutosha kwa wodi ya kawaida. Simu ya wiki ya sita ndiyo yenye thamani kuliko zote. Waliokuja na rambirambi wameshaondoka, na mfiwa amebaki na nyumba tupu.

Tunaomba pia msinunue kitu kisichohitajika. Si kila mfiwa anahitaji ushauri nasaha, na kuwapeleka wote huko ni kupoteza wataalamu wachache mlio nao. Wengi hubebwa na watu wao, wakipewa tu maelezo kwamba wanayoyahisi ni ya kawaida: kusikia sauti ya marehemu, kusahau mambo, kukasirika, kucheka kisha kuona aibu. Baadhi, hasa waliofiwa ghafla, waliofiwa na mtoto, waliofiwa kwa mtu kujiua, au waliomuuguza mgonjwa peke yao kwa muda mrefu, hunufaika na kikundi au mtu wa kujitolea aliyefundishwa. Wachache huhitaji mtaalamu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kama mtu 1 kati ya 10 waliofiwa kwa vifo visivyo vya kikatili hupata majonzi yasiyokoma. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unayatambua kama maradhi pale yanapodumu zaidi ya miezi 6, kupita mila na desturi za mfiwa zinavyotarajia, na kumzuia kuendesha maisha yake. Hayo si sonona, na dawa za sonona peke yake haziyaondoi. Tiba yake ya mazungumzo ipo. Ile iliyoandaliwa na Katherine Shear na wenzake ina vikao kama 16, na katika jaribio la mwaka 2005 waliopata nafuu kwayo walikuwa asilimia 51, dhidi ya 28 kwa tiba ya kawaida ya mazungumzo waliyoilinganisha nayo.

Vyuoni, tafadhali acheni kuwakaririsha wanafunzi hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kubembeleza, sonona, kukubali) kana kwamba ni ngazi. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 akitokea kwenye mazungumzo na watu waliokuwa wanakufa, si wafiwa, na wafiwa hawapiti kwa mpangilio huo. Mfiwa anayeambiwa kwamba “bado hujafika hatua ya kukubali” anaongezewa kosa juu ya msiba. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza jambo linalofanana zaidi na tunayoyaona: mfiwa huenda na kurudi, leo yuko ndani ya majonzi, kesho anashughulikia ada na paa linalovuja, keshokutwa yuko ndani tena. Anayepumzika na kilio chake hajamsahau marehemu.

Mafunzo yenyewe hayafanyiki kwa mhadhara. Siku 2 au 3, vikundi vya watu 6 hadi 8, mtu anayeigiza mgonjwa, mkufunzi anayesimamisha maigizo na kusema, “Rudia sentensi hiyo, safari hii nyamaza baada yake.” Kisha marudio baada ya miezi 3, kwa kuwa ujuzi huu huchakaa upesi. Na wanaoifanya kazi hii wahudumiwe: baada ya kifo, dakika moja ya ukimya kando ya kitanda, na kabla ya zamu kwisha dakika 15 za kusema kilichokwenda vizuri na kilichouma. Muuguzi aliyefiwa na wagonjwa watatu katika zamu moja asipangiwe kesho yake kitanda cha anayekufa.

Mkitaka kupima kama mambo yanabadilika, msihesabu semina. Chukueni mafaili ya watu 20 wa mwisho waliofariki katika kila wodi. Angalieni wangapi wana ile karatasi moja, ni kwa wangapi iliandikwa zaidi ya siku 7 kabla ya kifo, wangapi walifia mahali walipotaka, na wafiwa wangapi walipigiwa simu. Karani mmoja aifanye kazi hiyo kwa siku moja, na arudie baada ya miezi 6.

Chumba, karatasi, daftari la simu na dakika 45 kwenye ratiba vinaweza kuanza Jumatatu ijayo bila kusubiri bajeti. Mafunzo, kanuni za mofini na mtaalamu wa majonzi yasiyokoma vinahitaji fedha na saini zenu. Tuko tayari kuja na rasimu ya karatasi hiyo, ratiba ya mafunzo na orodha ya vichocheo, na kukaa na wauguzi wakuu wenu mpaka wodi ya kwanza ianze.

Wenu katika kazi,

Wauguzi, matabibu, maofisa ustawi wa jamii na washauri nasaha wa tiba shufaa